Kabla Mtoto Hajapanda Gari la Timu: Kwa Wazazi wa Wachezaji wa Wavu, Tabora

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu, tunakohakiki wachezaji wa timu za shule, baba mmoja kutoka upande wa wilaya ya Uyui. Alikuja kwa baiskeli. Cheti cha kuzaliwa cha binti yake alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko wenyewe ameuzungushia kitambaa ili jasho na vumbi visiingie. Alikifungua mezani taratibu, kama mtu anayefungua kitu cha thamani. Nilikitazama mara moja nikajua kuna tatizo. Tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikakonda, ukiinua unaona mwanga, na juu yake imeandikwa tarakimu nyingine kwa kalamu ya bluu wakati maandishi mengine yote ni meusi. Nikamuuliza nani kafanya hivi. Hakuficha. "Afisa, niliambiwa mtoto amezidi umri, nikarekebishe."

Binti yule anajua mpira. Nimemwona mwenyewe akiruka na kupiga juu ya wavu wa mita 2.24 bila kuugusa, na akipokea mipira migumu kwa mikono iliyotulia. Hakusafiri na timu.

Naandika kwa ajili ya mzee yule na wengine kama yeye. Msimu huu malalamiko ya wazazi kuhusu mpira wa wavu yamekuwa mengi mlangoni petu, na karibu yote yana mzizi mmoja: mzazi anamwachia mwalimu mtoto tangu siku ya kwanza ya mazoezi, haulizi, hasomi anachosaini, kisha anajitokeza mambo yakishaharibika. Mkoa wetu ulikuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, ile ya sekondari, ngazi ya taifa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024. Watoto wa nchi nzima wamelala kwenye mabweni yetu, wamechezea viwanja vyetu. Sikutarajia kwamba leo bado tungekuwa tunaelezana habari ya cheti.

Basi tuelezane. Uhakiki wa mchezaji hauanzii wala hauishii kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na taarifa zake zimo humo tangu alipoandikishwa. Tunaweka cheti upande huu, PREM upande huu, na mtoto mwenyewe amesimama mbele yetu. Vikipishana, jina linakatwa. Kwa hiyo anayekwangua cheti amejisumbua bure, maana taarifa ya kweli iko mahali ambapo wembe wake haufiki. Hati ya kiapo ya mahakamani nayo, ambayo wazazi wengi huja nayo kwa kujiamini kabisa, kwenye uhakiki wetu haichukui nafasi ya cheti. Nimelisema hili kwenye vikao vya kata zaidi ya mara moja na nitaendelea kulisema.

Kama mtoto hana cheti, nenda ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, iliyo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au anza maombi kwa mtandao kupitia mfumo wao wa eRITA. Chukua tangazo la kizazi ulilopewa hospitali mtoto alipozaliwa. Kama limepotea, beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji wa kata na vitambulisho vya wazazi. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo bado unasajili, ila unaingia kwenye utaratibu wa waliochelewa, wenye vielelezo vingi zaidi. Wenye watoto wadogo wa chini ya miaka 5, hao wanasajiliwa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, msingoje wafike darasa la tano na kuitwa kwenye timu. Na kama cheti kina kosa la kweli, herufi ya jina imekosewa au tarehe siyo, marekebisho yanafanywa RITA palepale kilikotolewa. Hayafanywi nyumbani, wala steshenari ya mtu mwenye kompyuta, wala hayafanywi na mwalimu.

Adhabu iko wazi. Kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu na kifungo chake kinafika miaka 7. Anayewasilisha waraka huo huku akijua ni wa kughushi naye anahesabiwa kama aliyeughushi. Maana yake ni kwamba aliyeshauri, aliyekwangua kwa mkono wake na aliyeleta mezani kwetu wote wako ndani ya kosa moja. Mzee yule hakujua hilo. Alidhani ni kama kufuta kosa kwenye daftari. Tulikaa naye nje kwenye benchi chini ya mwembe karibu saa nzima nikimweleza, na nilichokiona usoni mwake siyo ujanja, ni aibu ya mtu aliyemwamini aliyemshauri.

Tena tuseme ukweli kuhusu vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Wazazi wanaolalamika kwamba tunawabana watoto wao ni walewale wanaolalamika timu nyingine ikileta kijeba. Kwenye wavu jambo hili lina hatari yake. Kijana wa miaka 17 akipiga mpira kwa nguvu zake zote, upande wa pili yuko mtoto wa darasa la sita aliyeinama kupokea, uso wake uko palepale njiani mwa mpira. Mbali na hapo, kijeba mmoja akigundulika, gharama inaweza kuibeba timu nzima, hata watoto ambao karatasi zao ni safi.

Ndugu yake kijeba ni mamluki, mchezaji anayechezea shule isiyo yake. Msimu ukikaribia unasikia mtoto mrefu wa shule fulani ghafla anafanya mazoezi na shule nyingine. Uhamisho upo na ni haki ya mzazi, lakini una njia: mzazi anaandika barua kwa mwalimu mkuu akieleza sababu, shule inayompokea inathibitisha nafasi, maafisa elimu wanaidhinisha kulingana na anakotoka na anakokwenda, na taarifa za mtoto zinahamishwa kwenye mfumo. Mpaka hapo, mtoto ni wa shule ya zamani, hata kama ameshavaa jezi ya kule. Mkiahidiwa na mtu yeyote kwamba mambo ya uhamisho yatamalizwa baada ya mashindano, kataeni.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo sauti hupanda. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 kuhusu elimumsingi bila malipo unataja majukumu ya mzazi, na sare za michezo zimo, matibabu ya mtoto yamo. Kwa hiyo mzazi anayesema serikali imesema kila kitu ni bure, asinunue hata raba, hajausoma. Lakini waraka huohuo haumpi mtu ruhusa ya kumpanga mtoto benchi kwa sababu mzazi hajachangia safari. Mchango ni wa hiari, unakubaliwa na wazazi kwenye kikao chenye muhtasari, unalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Fedha haitumwi kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwalimu mnayempenda namna gani. Ukiombwa hela ili jina la mwanao libaki kwenye orodha, huo siyo mchango, ni rushwa. Piga 113, ni bure, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea.

Kuna jambo ambalo wazazi hawalilalamikii kabisa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hakuna mzazi hata mmoja msimu huu aliyeniuliza binti yake atalala wapi, chumba kimoja na nani, na ufunguo uko kwa nani.

Ulizeni. Timu yenye wasichana inasafiri na mwalimu wa kike anayelala bweni lao, siyo anayefika asubuhi. Kocha hamiti mchezaji peke yake chumbani kwake, kwa sababu yoyote, iwe kugawa jezi, iwe kumkanda mguu, iwe kumwonya. Mazungumzo ya mmoja kwa mmoja yanafanyika mahali ambapo mtu mzima mwingine anawaona. Ujumbe wa simu unapita kwenye kundi la wazazi, siyo kwa mtoto usiku. Hata Marekani, wenye vilabu vikubwa vya wavu vya watoto, walijifunza hili kwa maumivu makubwa baada ya kashfa za unyanyasaji michezoni, wakatunga sheria iliyotiwa saini mwaka 2018 inayowalazimisha watu wazima wa michezo ya vijana kutoa taarifa za unyanyasaji haraka. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, mrefu kwa mfupi, na inaweka wajibu wa kutoa taarifa kwa kila mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa.

Nazitaja sheria za makosa haya ili asiwepo wa kusema hakujua. Anayemdai mchezaji ngono ili ampe nafasi anaingia kwenye rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Anayefanya ngono na binti wa chini ya miaka 18 hawezi kujitetea kwamba binti alikubali, sheria haiitambui ridhaa hiyo. Anayempa mwanafunzi mimba, kifungo ni miaka 30 kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Taarifa inapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwa simu ya bure 116, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundisheni aikariri kabla ya safari. Na tafadhali, familia zisikae kikao kuyamaliza kwa mbuzi na faini. Kosa la jinai halina kikao cha ukoo.

Upande wa afya nitasema machache. Fomu ya ridhaa ina sehemu ya magonjwa: pumu, kifafa, selimundu. Wazazi wanaacha wazi wakiogopa mtoto ataachwa. Tunachohitaji ni mwalimu ajue dawa iko mfuko gani wa begi. Kadi ya bima ya afya kama ipo isafiri na mtoto, isibaki kabatini nyumbani Isevya wakati mtoto yuko hospitali ya mkoa mwingine. Kifundo cha mguu kikiteguka, na kwenye wavu kinateguka sana kwa sababu wachezaji hutua juu ya miguu ya wenzao karibu na wavu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, inua mguu, pumzika, na asipoweza kukanyaga apelekwe kituo cha afya. Kuchua siku hiyohiyo kunazidisha uvimbe. Najua mama mchuaji wa mtaani kwenu ana mikono mizuri. Asubiri.

Na hili la kwamba msichana akirukaruka kizazi kinalegea, naomba liishe. Kuruka hakuharibu kizazi. Tumepoteza wapigaji wazuri waliotolewa kwenye timu na bibi zao kwa imani hii, na hakuna daktari atakayewaunga mkono.

Wenye watoto kwenye vituo binafsi vya mazoezi, ambavyo sasa vinaongezeka mjini, ombeni kuona cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kituo kilichosajiliwa hakioni shida kukionyesha. Kisichosajiliwa kikikuahidi timu ya taifa au shule ya nje, huna pa kukidai.

Baba wa Uyui alirudi wiki iliyofuata akiwa na tangazo la kizazi ambalo mkewe alilihifadhi kwenye sanduku la nguo miaka yote hiyo. Nilimwandikia barua ya kumtambulisha RITA. Umri halisi wa binti unamtoa kwenye UMITASHUMTA, lakini mwakani ataingia kidato cha kwanza, na UMISSETA inamhitaji mpigaji kama yeye mwenye karatasi isiyo na mwanga katikati.

Fomu za ridhaa ziko kwa walimu wa michezo wa shule zote. Zinasainiwa na mzazi au mlezi anayeishi na mtoto, zinawekwa namba ya simu inayopatikana usiku, na zinarudi shuleni siku 7 kabla ya kambi. Siku ya safari mzazi aje mwenyewe kumkabidhi mtoto, ahesabu wanaopanda, amwone mwalimu wa kike kwa macho yake, na aandike namba ya gari. Gari likiwa Fuso au la mizigo, mshushe mtoto wako na unipigie palepale.