Nionyeshe prolaktini kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliingia na mumewe, bahasha ya MRI inayoonyesha uvimbe kichwani ikiwa kwapani, na kabla hajakaa akauliza, "Daktari, fuvu litapasuliwa lini?" Walikuwa wameshauza ng'ombe wawili. Nikamuuliza prolaktini yake, homoni inayoamuru maziwa yatoke, ni ngapi. Haikuwahi kupimwa. Hedhi imekata miaka mitatu, maziwa yanamtoka na hana mtoto, wakwe wanasema ana jini, na katika wote waliomwona hakuna aliyemtoa damu akapima homoni.

Huyu ni wa tatu mwezi huu, ndiyo maana naandika.

Watu wanaamini kila uvimbe kichwani ni kansa ya ubongo, na tiba yake ni kisu. Adenoma ya pituitari, uvimbe usio wa kansa, huota kwenye tezi ndogo kama punje ya njegere, iliyokaa katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Kansa ya tezi hiyo ni nadra mno. Hata inapobidi kupasua, mara nyingi tunapita puani. Daktari mpasuaji Schloffer alipitia njia hiyo mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Hilo tuliache.

Linaloniudhi hasa ni namba. Kama adenoma yenyewe ndiyo inayotoa prolaktini, vidonge vya kabagolini huishusha na mara nyingi huusinyaza uvimbe, hata mkubwa. Lakini prolaktini ikipanda kidogo tu, usikimbilie kusema ni prolaktinoma, yaani adenoma inayotoa prolaktini. Ubongo huizuia homoni hii kwa dopamini, kemikali inayoshuka kupitia kikonyo cha tezi. Uvimbe wa aina yoyote ukikibana kikonyo, breki inaachia. Hapo namba kwa kawaida haifiki 100 (nanogramu kwa mililita ya damu). Mimba huipandisha. Tezi ya shingo iliyolegea huipandisha, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli pia. Namba ikipita 200 au 250, nami naona uvimbe, hapo naanza kuamini. Kisha kuna mtego: uvimbe mkubwa, namba ndogo. Prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, kipimo huzidiwa na kutoa jibu la chini lisilo la kweli. Mwombe mtu wa maabara aizimue sampuli, apime upya. Nawasihi madaktari wenzangu, piga simu hiyo moja kabla ya kumpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Wanaume huchelewa zaidi. Nguvu za kiume zikipungua wanaona haya kusema, hadi macho yanapoanza kutoona pembeni.

Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa ubongo wa Marekani, hakuwa na kipimo hata kimoja cha homoni. Kitabu chake cha 1912 kuhusu maradhi ya pituitari kimejaa wagonjwa wenyewe: picha zao, michoro ya upeo wa macho yao, eksirei za kishimo kile. Kila alipomwona mgonjwa alikuwa akiuliza kama tezi imezidisha kazi au imelegea. Humo yumo mwanamke wa miaka 23, mnene kiwiliwili, hedhi imekata, ambaye ugonjwa wake Cushing alikuja kuuandikia maelezo kamili mwaka 1932. Miaka ishirini alikaa na swali lile. Sisi tuna MRI na maabara, na bado tunaruka kutoka picha hadi kisu.

Zipo adenoma zinazohitaji kisu kwanza: zinazotoa homoni ya ukuaji, zinazobana mishipa ya macho na si prolaktinoma, na zile zinazoufanya mwili utoe homoni ya kortisoli kupita kiasi, alizozieleza Cushing. Hizi za mwisho ndizo zinazoninyima usingizi. Wakati mwingine damu inasema ugonjwa upo na MRI haionyeshi kitu. Unaingia, unaipekua tezi, unatoka bila uhakika. Nimewahi kuwaambia wagonjwa hivyo uso kwa uso, na ni maneno mazito kuyatamka. Na kwa upande mwingine, ukiwapiga MRI watu kumi wazima, mmoja hivi atakuwa na kidoa kwenye tezi. Kipi cha kufuatilia, kipi cha kuacha? Huwa napima homoni, naangalia macho, narudia picha baada ya muda. Hata kabagolini, siwezi kumwahidi mtu siku ya kuiacha, kwa sababu kwa wengine prolaktini hupanda tena.

Majibu ya yule dada yalirudi Ijumaa: zaidi ya 2,000. Ameanza nusu kidonge mara mbili kwa wiki, na Jumatatu tunampima macho. Mumewe aliuliza mara mbili kama ni kweli hakuna kupasuliwa kwa sasa, kisha akatoka nje kumpigia simu mama yake.