Jikoni kwa Mlezi wa Watoto: Namna ya Kutathmini Vihatarishi Nyumbani

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, mama anayetoka alfajiri kwenda kwenye shughuli zake humwacha mtoto kwa mama wa jirani, ambaye kwa siku moja huweza kuwa na watoto wanne, sita au zaidi, na ambaye kazi yake ya ulezi haitengani na kazi ya kupika, kwa kuwa watoto haohao wanahitaji uji saa 4 asubuhi na wali kwa maharage saa 7 mchana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kusajili vituo vya kulelea watoto mchana, na mlezi ambaye bado hajasajiliwa anapaswa kumwona afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Hata hivyo, cheti kilichotundikwa ukutani hakimzuii mtoto kuligusa jiko, na ndiyo maana makala haya yanahusu kazi ambayo mlezi anaweza kuianza leo kwa daftari na kalamu, yaani tathmini ya vihatarishi vya jikoni.

Kihatarishi ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru. Sufuria ya maji yanayochemka ni kihatarishi hata kama nyumbani hakuna mtoto. Hatari huanza pale mtoto anapoweza kuifikia, na uzito wake hupimwa kwa kujiuliza maswali mawili, kwamba jambo hilo lina uwezekano gani wa kutokea na likitokea litaleta madhara makubwa kiasi gani. Walezi wengi wakiombwa kufanya tathmini huzunguka jikoni wakihesabu vitu: kisu, kiberiti, mtungi wa gesi. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi, kwa sababu jiko la saa 2 asubuhi si jiko la saa 6 na nusu mchana. Ushauri wangu ni kwamba tathmini ifuate saa za siku na umri wa watoto waliopo, kwa kuwa ajali hutokea ndani ya dakika fulani, mlezi akiwa katikati ya shughuli fulani.

Nieleze dakika moja ya namna hiyo. Uji umeiva, na mlezi anainama kuiepua sufuria kutoka kwenye jiko la mkaa lililo koridoni, huku mikono yote miwili imeshika ukingo wa sufuria kwa vitambaa. Nyuma yake yupo mtoto wa miezi 14 ambaye ameanza kutembea juzi, na kwa kuwa bado anatafuta cha kushikilia, ameushika upindo wa kanga ya mlezi. Mlezi akigeuka, mtoto yupo miguuni. Hapo hakuna uzembe wowote, kwani mwanamke huyu anafanya kazi mbili kwa mikono miwili. Kilichokosekana ni kizuizi baina ya mtoto na njia anayopita mwenye sufuria. Dakika nyingine ya kuandikwa daftarini ni ile ya hodi mlangoni, maharage yakiwa motoni, mzazi akitaka kuzungumza kidogo.

Kwa hiyo hatua za kuchukua zipangwe kwa kuanza na zile zisizotegemea macho ya mlezi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kigeti cha mbao kwa ajili ya mlango wa jikoni, ambacho fito zake zitasimama wima, kwani za kulala hugeuka ngazi, na zitakaribiana kiasi cha kutopitisha kichwa cha mtoto. Wanaopikia kwenye korido ya nyumba ya kupanga wana ugumu zaidi, maana jiko la jirani nalo lipo palepale. Kwao, makubaliano na wapangaji wenzao kuhusu mahali pa kuweka majiko ni sehemu halisi ya tathmini. Ushauri unaorudiwa mara nyingi, kwamba vishikio vya vyombo vigeuzwe kuelekea ukutani, hausaidii sana hapa kwetu ambako sufuria nyingi hazina vishikio, bali zina ukingo mpana ambao mtoto akiuvuta kidogo tu sufuria hupinduka. La kufanya ni kuchagua jiko linalokaa bila kuyumba, kutumia sufuria inayolingana nalo, na kutoijaza hadi ukingoni.

Mlezi apige pia magoti pale jikoni na kutazama kutoka kwenye kimo cha mtoto. Ataona upindo wa kitambaa cha meza chenye kikombe cha chai juu yake, na ataliona jiko la mkaa lililozimwa, ambalo juu lina majivu meupe yaliyotulia kama unga na chini yake kaa ambalo bado ni jekundu. Mtoto aliye pekupeku huona mahali pa kukanyaga.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na walezi wengi wamekwisha kuhamia kwenye gesi. Hatua hiyo ni njema, kwa kuwa mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Lakini mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni mwepesi kusukumika, hivyo uwekwe mahali pa tambarare nyuma ya kigeti. Gesi inayovuja ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, mahali wanapocheza watoto. Harufu ikisikika, watoto watolewe nje kwanza, wala swichi ya umeme isiguswe.

Mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa sababu yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Ndoo na beseni za maji zifunikwe au zimwagwe, kwani mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache. Karanga nzima na pipi ngumu wasipewe watoto wadogo, na chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida.

Kuhusu kuungua sina budi kukazia, kwa kuwa vituo vya afya bado hupokea watoto waliopakwa dawa ya meno, yai au mafuta juu ya jeraha. Vitu hivyo hushikilia joto kwenye ngozi au kuleta uchafu, na humchelewesha mhudumu kuliona jeraha. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi, yasiyo na barafu, yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, ikibidi yakimiminwa kwa kata kutoka kwenye ndoo. Nguo ivuliwe isipokuwa iliyogandamana na ngozi, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mwili mwingine wa mtoto utunzwe usipoe, kisha aende kituo cha afya. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji iandikwe ukutani pamoja na simu za wazazi.

Hayo yote yaingie daftarini: saa, shughuli, kihatarishi, nani anaweza kukifikia, na kilichofanywa. Yaandikwe pia matukio yaliyokaribia kutokea, kwa mfano mtoto aliyekutwa ameshika ukingo wa sufuria tupu, maana kesho itakuwa na uji. Na siku mtoto mmoja anapoanza kusimama kwa kushikilia stuli, ukurasa wa jikoni ufunguliwe na kupitiwa upya jioni ileile, kabla watoto hawajarudi asubuhi.