Je, wajua kwa nini maji humpalia mgonjwa wa kiharusi kuliko chakula kizito?

Weka kidole kwenye kikoromeo, kisha umeze mate. Utahisi kikipanda na kushuka, na katika muda huo wa takriban sekunde moja njia ya hewa imejifunga, umio, yaani njia ya chakula, umefunguka, nawe umeacha kupumua kidogo. Kiharusi kikijeruhi sehemu za ubongo zinazoratibu kazi hiyo, amri huchelewa au hufika ikiwa dhaifu. Tonge laini lililoshikamana huteremka taratibu, lakini funda la maji hukimbilia kooni na huweza kuingia kwenye njia ya hewa kabla haijafungwa.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba baadhi ya wagonjwa hawakohoi kabisa maji yanapopotea njia, kwa sababu hisia za koo nazo zimepungua. Ndugu humwona ametulia, wakadhani amemeza salama, kumbe mapafu yanaingiwa na maji pamoja na bakteria wa kinywani, na nimonia inaweza kufuata. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kupewa chochote kwa mdomo, hata dawa, kabla umezaji wake haujapimwa, na kinywa chake kinahitaji kusafishwa kila siku, hata kama analishwa kwa mpira wa puani.

Umezaji hurejeaje? Pande zote mbili za ubongo hushiriki katika kumeza, kwa hiyo upande uliosalimika unaweza kujifunza kubeba kazi ya ule ulioumia, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Mtaalamu wa umezaji humfundisha mgonjwa kumeza kwa nguvu, kukizuia kikoromeo kikiwa juu kwa sekunde chache, au kulala chali na kuinua kichwa pekee hadi aone vidole vya miguu, mabega yakibaki kitandani. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza huwasaidia baadhi yao tu, hivyo ni vyema kwanza koo lichunguzwe kwa eksirei ya video.

Kinywaji kilichoongezwa uzito hupunguza hatari ya kupaliwa, ila hakiponyi, na wengi hukichukia hata wakanywa kidogo mno na kupungukiwa maji mwilini. Kwa hiyo kipimo cha umezaji kinapaswa kurudiwa mara kwa mara, ili aliyekwisha kupona arudishiwe maji yake ya kawaida mapema.