Je, wajua kwa nini Mto Katonga hutiririka pande mbili?

Ukitoka Kampala kwenda Masaka utapita Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta. Vijana wamepanga mabeseni yao na ua dogo la kuelea. Beseni la kaskazini maji yanazunguka hivi, la kusini yanazunguka vile, la katikati yanashuka moja kwa moja. Unatoa hela, unapiga picha, unaondoka umeridhika. Ni mchezo tu. Katika beseni dogo namna ile, maji huzunguka kufuata jinsi yalivyomiminwa, wala ikweta haina habari nayo. Lakini songa mbele kidogo, kabla hujafika Lukaya kwenye kuku na gonja, zile ndizi tamu, za kuchoma, utavuka daraja la Katonga. Hapo kipo kioja cha maji cha kweli, na hakuna anayetoza.

Mara ya mwisho nilivuka pale nikiwa ndani ya trela iliyotoka Mombasa ikielekea Katuna, mpakani na Rwanda. Utingo alitazama mafunjo kulia, akatazama mafunjo kushoto, akauliza, "Mzee, huu mto unaelekea wapi?"

"Huu umelala, kijana wangu," dereva akamjibu. "Hauelekei popote."

Alikosea kidogo tu. Pale darajani maji huenda kushoto kwako, kuingia Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Na yakiamua kwenda huenda kweli: Mei 2023 mafuriko yalilikata daraja lile na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Lakini fuata bonde hilohilo kuelekea magharibi, ndani kabisa ya nchi. Maji yanazidi kuwa mazito, mkondo unapotea, hadi unafika kwenye kinamasi ambacho ukisimama ndani yake huwezi kusema maji yanakwenda wapi. Kutoka kinamasi hicho, sehemu ya maji hurudi mashariki kwa Victoria, na sehemu nyingine hushuka magharibi hadi Ziwa George.

Kwa kawaida mito miwili inayopeana mgongo hutenganishwa na kilima au mlima. Mvua ikinyesha huku inashuka huku, ikinyesha kule inashuka kule. Katonga hauna kilima hicho. Bonde ni moja, pana, limenyooka kutoka ziwa hadi ziwa, na mafunjo yamelijaza mwanzo hadi mwisho. Bonde la namna hiyo haliwezi kuchimbwa na vijito viwili vya uvivu vilivyoanzia katikati. Lilichimbwa na mto mmoja mkubwa uliopita moja kwa moja.

Mto huo ulikuwa ukienda magharibi. Zamani hizo Ziwa Victoria halikuwepo. Maji ya nyanda za juu za Kenya yalikatiza mahali ambapo leo wavuvi wanatega sangara, yakapita Uganda yote, yakaenda zake upande wa Kongo. Katonga ulikuwa hivyo, Kagera vilevile, na Kafu ule wa karibu na Masindi nao vilevile.

Tunajuaje? Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa matawimto. Kijito kinapoingia mto mkuu huingia kwa mshazari, pua yake ikielekea kule mto unakokwenda, kama gari linavyoingia barabara kuu. Sasa chukua ramani utazame vijito vya Kafu. Vingi vinaingia pua ikielekea magharibi, ilhali maji yenyewe huenda mashariki. Ni kama kuona magari yote yakiingia barabarani yameelekea Mbarara, halafu kila moja linakata kona kali kurudi Kampala. Utajua tu kwamba barabara ile iligeuzwa baada ya njia za pembeni kuchongwa.

Ziwa Kyoga nalo linasimulia hayohayo. Kwenye ramani linaonekana kama mkono wenye vidole vingi vilivyotanuka. Vidole hivyo ni mabonde ya mito yaliyozama baada ya njia ya kutokea magharibi kuzibika. Ndiyo maana ziwa hilo ni pana lakini kina chake hakifiki hata mita 6.

E. J. Wayland, aliyeanza kuongoza idara ya jiolojia ya Uganda mwaka 1919, aliliona jambo hili la mito kugeuka. Kuhusu chanzo chake, yaani Bonde la Ufa, hakubahatika: alidhani ardhi huko ilibanwa kutoka pande mbili. Leo tunajua ilivutwa.

Na kuvutwa huko ndiko kulikogeuza mito. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, na Afrika Mashariki iko mahali ambapo bamba moja linachanika. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linapita mpakani mwa Uganda na Kongo, penye maziwa Albert, Edward na George. Ardhi huko hupanuka kwa milimita chache kwa mwaka, kiasi ambacho ukucha wako hukua ndani ya mwezi mmoja hivi.

Ufa ulipopanuka, kipande cha katikati kilididimia na kuwa bonde. Kingo zake zikafanya kinyume: zikapanda. Dereva wetu angelielewa hili haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Trela ikishushwa shehena, springi hujinyoosha na bodi huinuka. Ganda la dunia nalo limekalia tabaka la mwamba wa moto unaotii polepole sana, kwa hiyo kingo, zikishapunguziwa mzigo wa kipande kile kilichodidimia, huinuka taratibu. Kuna mahali ambapo kuinuka kulipita kiasi. Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, si volkano hata kidogo, ni pande la mwamba mkongwe lililosukumwa juu katikati ya ufa. Lakini huku kwenye Katonga na Kafu hapakuhitajika mlima. Mto wenye kasi ungeukata ukingo unaopanda na kuendelea na safari yake. Hii ilikuwa mito ya tambarare, isiyo na haraka, na ardhi ilipoinuka mbele yake kidogo tu, ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma.

Maji yaliyorudi yalikuta sahani kubwa kati ya tawi la magharibi la ufa na lile la Kenya, yakatuama. Hilo ndilo Ziwa Victoria. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, na kina chake ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, linafika mita 1,470. Sahani ilipojaa, maji yakatafuta ukingo ulio chini kuliko yote, yakamwagikia Jinja. Tena ziwa hili limewahi kukauka, pengine lote: sakafu yake ilikuwa nchi kavu kabla halijajaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita.

Miaka ya namna hii haishikiki kichwani, kwa hiyo mimi huitandika barabarani. Miamba ya kale ya Uganda ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Chukulia umri huo ndiyo safari ya Mombasa hadi Kampala, kilomita 1,150 hivi. Ziwa Victoria linazaliwa ukiwa umebakiza mita 184 ufike. Na lile la kujaa upya? Mita 7. Kichwa cha trela kimeshafika, mkia bado uko ziwa likiwa kavu.

Kazi yenyewe haijaisha. Mara nyingi ardhi husogea bila mtu kuhisi, lakini pengine mwamba hukwama, hujilimbikizia nguvu, kisha huachia kwa mshtuko. Waganda huita musisi. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua zaidi ya watu 100, na Februari 1994 nyumba zilianguka tena karibu na Fort Portal.

Turudi kwenye kile kinamasi, maana utingo hakupata jibu kamili. Tone lililokwenda mashariki huingia Victoria, hutoka Jinja, hupita Kyoga, hushuka maporomoko ya Murchison na kufika ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Lililokwenda magharibi hupita George, Mfereji wa Kazinga, Edward, kisha Mto Semliki, nalo huingia Albert kwa upande wa kusini. Ukipata mzigo wa Arua, utayavuka yote mawili kwa mpigo pale daraja la Pakwach, yakiwa yamekwisha changanyika.