Shamba Halizoei Mbolea

“Bwana shamba, shamba langu limezoea DAP. Nisipoweka, sivuni kitu.” Kauli hii kuhusu DAP, mbolea ya kupandia, nimeisikia tena juzi Amukura, huku Teso, magharibi mwa Kenya. Safari hii najibu kwa maandishi, nisije nikamkosea mzee wa watu heshima.

Udongo si mlevi. Huu wetu wa Teso ni kichanga: mfinyanzi haba, mboji haba, hakuna cha kushikilia virutubisho. Ulichoweka mwaka jana, sehemu ililiwa na mahindi, na nitrojeni iliyobaki ilizama na mvua. Mmea ukikosa chakula, zoea liko wapi hapo?

Sasa kinachonikera. Gunia la DAP limeandikwa 18-46-0, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo, na ile sifuri ya mwisho hakuna anayeisoma. Ni potasiamu. Potasiamu nyingi ya mahindi haiko kwenye punje, iko kwenye mabua. Unavuna, mabua yote yanaenda kwa ng'ombe au jikoni, samadi inamwagwa kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba, kisha unarudi shambani na 18-46-0. Msimu baada ya msimu! Majani ya chini yanaungua kingo, unasema ni jua. Unaongeza DAP. Mavuno yanagoma, unasema shamba limezoea. Linadai, ndiyo, ila si hicho unacholipa. Jaribu mbolea ya 17-17-17, yenye zote tatu, kwenye mistari michache, ulinganishe kwa macho yako.

Njano ikianzia ncha ya jani la chini na kufuata mshipa wa kati, hiyo ni nitrojeni imepungua. CAN, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, igawe: nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla hayajatoa mbelewele. Kichanga hakikuwekei akiba. Lakini mvua ikikatika, ile nusu ya pili italala juu ya vumbi, na dawa ya hilo sina. Wapo wanaoniambia kibarua wa mara ya pili anakula faida yote, na kuna misimu siwezi kuwabishia.

Chokaa ya kupunguza asidi ya udongo: pima udongo kwanza. Kichanga hutosheka na kidogo. Ukizidisha, zinki inakwama udongoni, mmea hauipati.

Samadi vitabu vinataka tani kadhaa kwa ekari. Mwenye ng'ombe wawili azitoe wapi? Weka konzi kwa kila shimo, na lile jivu la mabua lirudi shambani, maana potasiamu imo bado, ingawa nitrojeni imeshaungua. Ila usilitie shimo moja na DAP. Amonia itapaa na pesa zako, na harufu yake utaisikia mwenyewe.