Modeli ya Maamuzi Ndani ya Kivinjari: Makisio Nayo Yafunguliwe

Inapokaribia kaskazi, mkulima wa mwani wa Paje, Unguja, au wa Tumbe, Pemba, hukabiliwa na uamuzi mzito: kati ya aina mbili za mwani, afunge kamba zake cottonii au spinosum? Anajua kwamba cottonii hununuliwa kwa bei ya juu zaidi, na anajua pia kwamba maji yakishapata joto cottonii huwahi kuugua, ikapauka, ikalainika na kukatika kambani. Kilimo hiki kilianza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu wakati huo wanawake, ambao ndio wengi katika kazi hii, wamekuwa wakiipiga hesabu hiyo kichwani. Wataalamu nao huipiga kwenye kompyuta, lakini mara nyingi kinachomfikia mkulima ni jibu peke yake, naye hana njia ya kulihoji. Siku hizi inawezekana hesabu nzima ya mtaalamu kufunguliwa katika kivinjari cha simu, ili mkulima, sheha au ofisa wa uvuvi aingize namba zake mwenyewe na kuona jibu linavyobadilika.

Hesabu ya namna hiyo huitwa modeli ya maamuzi. Ndani yake mna mambo tunayoweza kuyachagua, kama aina ya mbegu na mahali pa kupanda. Mna mambo yasiyo katika uwezo wetu, kama joto la maji na bei ya mnunuzi. Na mna kile tunachokitafuta, yaani mapato baada ya kuondoa gharama. Tuchukue namba za mfano tu. Tuseme kilo moja ya spinosum kavu ni shilingi 1,000, ya cottonii ni shilingi 2,000, na kila kamba inayofika kuvunwa hutoa uzito ulio sawa kwa aina zote mbili. Ikiwa kati ya kamba 100 za spinosum 90 hufika salama, basi zinatosha kamba 45 za cottonii kufika ili mapato yalingane. Bei ya cottonii ikishuka hadi shilingi 1,500, kamba zinazohitajika hupanda kuwa 60. Na ikiwa cottonii italazimika kupelekwa kwenye kina kirefu ambako maji ni ya baridi zaidi, gharama ya chombo huingia katika hesabu, na idadi hiyo hupanda tena.

Katika kivinjari, kila moja ya namba hizo huwekwa alama inayosogezwa kwa kidole, na jibu hubadilika papo hapo. Hata hivyo, wastani hautoshi. Mama anayetegemea mwani kulipia mahitaji ya skuli kila msimu haishi kwa wastani wa miaka kumi. Anahitaji kujua msimu mbaya utakuwa mbaya kiasi gani. Kwa sababu hiyo modeli nzuri huirudia hesabu, pengine mara 1,000, kila mara ikichukua joto na bei tofauti ndani ya mipaka iliyokubaliwa, kisha huonyesha ni katika misimu mingapi ya kubuni mkulima angepata chini ya kiasi anachokihitaji. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kielelezo kinachostahili kutangulia kwenye ukurasa, mbele hata ya wastani wa faida.

Programu za majedwali ya hesabu zimekuwapo kwenye kompyuta ndogo tangu mwaka 1979, na kwa miaka mingi modeli ziligawiwa kwa kutumiana mafaili. Kila aliyepokea alibaki na nakala yake, akaibadilisha, na baada ya muda haikujulikana ipi ndiyo sahihi. Wavuti, ambayo CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Ulaya, iliifungua kwa matumizi ya wote bila malipo mwaka 1993, iliondoa haja ya kugawa nakala: kinachotumwa ni kiungo tu, na wote huufungua ukurasa mmoja. Hesabu yenyewe hufanyika kwa moja ya njia mbili. Inaweza kufanywa na seva iliyo mbali, na simu ikapokea majibu. Au programu nzima hupakuliwa mara moja, kisha simu ikahesabu yenyewe. Njia ya pili ilipata nguvu zaidi baada ya WebAssembly, teknolojia inayowezesha kivinjari kuendesha programu nzito kwa kasi, kukubaliwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2019. Kwa vijiji ambavyo mtandao hukatika, ninaipendelea njia hii, kwa kuwa ukurasa ukishapakuliwa, alama zinaweza kusogezwa bila ya kutumia bando zaidi. Tena, namba za kipato alizoingiza mkulima hubaki kwenye simu yake, mradi ukurasa haukutengenezwa kuzituma kwingine.

Ukurasa mmoja kwa wote una hatari yake. Mtaalamu akibadilisha bei usiku, kikundi kilichokutana jana na kitakachokutana kesho vitapata majibu mawili, na kila kimoja kitaamini kwamba mwenzake amepotosha. Kwa hiyo kila toleo liwe na tarehe na jina la taasisi inayolisimamia, na matoleo ya nyuma yaendelee kupatikana. Haki ya kusogeza alama iwe ya kila mtu. Haki ya kubadilisha fomula ibaki kwa wachache wanaojulikana.

Uwazi wa makisio, yaani yale ambayo modeli imeyachukua kuwa kweli kabla ya kuhesabu, ndio unaohitaji kazi kubwa zaidi. En-ROADS, modeli ya tabianchi iliyotengenezwa na shirika la Climate Interactive pamoja na chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, hutumika bure katika kivinjari, na mtumiaji anaweza kuingia ndani na kubadilisha makisio yenyewe, mbali na sera anazozijaribu. Modeli ya mwani nayo inapaswa kueleza, kwa Kiswahili na kwa vipimo vya wakulima wenyewe, kwa nini imechukua kiwango fulani cha hasara, na kipimo cha joto kimetoka pwani ipi. Maji ya Chwaka, Unguja, si ya Kiuyu, Pemba.

Mipaka ya alama nayo ni makisio, ingawa ni rahisi kutoiona. Mbunifu akiweka hasara ya cottonii isizidi asilimia 30, mkulima aliyewahi kupoteza shamba zima hawezi kuuingiza msimu wake ndani ya modeli, na chombo kitaendelea kumshauri kana kwamba msimu ule haukuwahi kutokea. Mipaka hiyo inafaa kupangwa pwani, siku za bamvu, wakulima wanapokuwa shambani na kumbukumbu za misimu yao, na alama ya hasara iachwe ifike hadi asilimia 100.