Nairobi hadi New York si safari ya saa 7

Juzi mteja alikuja na tiketi mkononi, kafurahi. Ndege ya moja kwa moja inaondoka Nairobi saa 5:25 usiku, inatua New York saa 12:25 asubuhi. "Masaa saba tu! Hata basi la Mombasa halifiki." Nimeuza tiketi miaka mingi na maneno haya nimeyasikia hadi yamenichosha, lakini safari hii yalinitia hofu. Msafiri mwenyewe alikuwa mama yake, mgonjwa wa kisukari, na ratiba yake ya dawa na mlo ilikuwa imepangwa kwa saa hizo 7.

Jamani, kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa hapo. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Mama akitua kule saa 12:25 asubuhi, Nairobi ni saa 8:25 mchana. Hesabu tangu saa 5:25 usiku: ni saa 15 ndani ya ndege. Wakati wa kurudi, watu walewale hushtuka kwamba wataruka karibu siku nzima, kumbe ni hesabu ileile imegeuka. Igeuze kwanza saa ya kule iwe ya Nairobi, ndipo utoe. Na angalia mwezi: Wamarekani husogeza saa mbele Machi na kuirudisha Novemba, sisi hatusogezi, hivyo katikati hapo tofauti huwa 7. Kwa mwenye kisukari, onana na daktari kabla ya safari, na insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi. Usiitie kwenye sanduku linaloshushwa chini, inaweza kuganda.

Wengine hudai kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi anayeruka magharibi huufikia mji upesi. Ingekuwa hivyo, kwenda kungekuwa kufupi. Ndiko kurefu, kwa takriban saa nzima. Hewa huzunguka pamoja na dunia. Kinachochelewesha ni pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi. Kwenda unapambana nazo, kurudi zinakusukuma.

Kuhusu njia, msiiamini ramani ya ukutani. Vuta uzi juu ya tufe: utapita Sahara, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki, karibu kilomita 11,800. Ukizigawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13 na ushei, ila muda wa tiketi unahesabu pia kutambaa uwanjani, kupaa na upepo.

La mwisho ndilo huwaacha watu nyumbani. Tiketi ikisema 00:10 tarehe 12, ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani tarehe 11, saa 3 usiku.